Ukuta wa Forodha

Benchi la kijiwe lilikuwa ubao mmoja mnene juu ya matofali, na egemeo lake ni ukuta wa nyumba kuukuu ya forodha, iliyorambwa na chumvi ya bahari hadi ikachunika kama mgongo wa mgonjwa. Miaka nenda miaka rudi waliuegemea watu wale wale: Redio, mstaafu wa posta asiyezimika, Wembe, kinyozi, na Shemeji, muuza kahawa, aliyepata jina hilo kwa kuwa dada yake aliolewa na Redio. Jioni hiyo Fundi Timazi, mwashi, alikuja na vumbi la chokaa kwenye nyusi, akaketi ukingoni, na kwa mara ya kwanza hakuegemea.

Walijua alikotoka. Kikundi cha kujitolea kinachookoa majumba ya kale ya mji, ambacho kijiwe kilikibatiza Wafufuaji, kilikuwa kinaisafisha forodha ili vitu vya wazee viwekwe humo watu waje kuviona. Timazi alikuwa mmoja wao, mkono wake akiutoa bure kwa ajili ya Mungu. Leo, wakibandua lipu ukumbini, walikuta mlango uliozibwa kwa mawe, na nyuma yake chumba ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Kesho maofisa wa mji wanakuja kukagua. Kisipofunguliwa wakakikagua nacho, nyumba nzima itahesabiwa gofu na kubomolewa. Mama Mwenyekiti wa kikundi, muuguzi mstaafu, alimwomba Timazi auvunje ukuta huo asubuhi, naye akaitikia.

— Basi tumetajirika, alisema Redio. Mali ya magendo ikikamatwa iliwekwa wapi? Humo humo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chumba hicho kimewahi kutembea?

— Hakijatembea.

— Basi ni kizuri.

Wembe alikataa. Bibi yake alimsimulia habari za mabaharia wenye ndui, na kwake yeye hao ndio waliozibiwa mle. Ugonjwa haufi, alisema, unalala tu, na siku ukiamshwa unauliza ni nani aliyeniamsha.

— Na atakayeulizwa ni wewe, Timazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvungu umeingiaje hapo?

— Wewe inama tu, utaona.

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Shemeji hakucheka kabisa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba vikombe vyake hutetemeka kwenye sinia asubuhi, kabla gari lolote halijapita, na kwamba alinyamaza siku zote wasije wakadhani anakunywa kitu kingine zaidi ya kahawa. Hapo Redio aliiacha mali ya magendo, akaanza kusema kuwa jina la Wafufuaji walilitoa wao wenyewe kwa mzaha, ila kinywa huumba.

Timazi alikuwa akikizungusha kikombe bila kunywa.

— Nimekosa, ndugu zangu, alisema. Mama Mwenyekiti aliniuliza, fundi, mbona umenyamaza? Nikamjibu, ukuta ni ukuta tu, mama. Nilimdanganya mtu mzima kwa kuogopa kuonekana mwoga.

— Kwani umeona nini?

— Fundi akijenga, upande aliosimama huufuta kwa mwiko, unakaa laini. Upande wa pili mkono haufiki. Chokaa inatoka kati ya mawe inaning'inia, kama uji uliofurika sufuriani.

— Haya.

— Leo tulipoitoa lipu, chokaa ilikuwa inaning'inia upande wetu.

Wembe alimtazama Redio, Redio akamtazama Shemeji.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo aliyeuziba mlango alikuwa amesimama ndani.

— Na lipu?

— Lipu ilipigwa na mwingine, huku nje. Kwa haraka. Alama za vidole vyake bado zipo.

Wembe alijaribu kusema kuwa mtu huyo alimkimbia mkewe, lakini utani ulimfia mdomoni. Shemeji alisema labda hakuwa anakimbia, labda kuna kitu alichokizuia kisitoke.

Mpangaji mpya wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja na chupa kuchukua kahawa ya wakwe zake, alikuwa amesimama pale tangu habari za chokaa.

— Samahanini, kaka zangu, mimi mgeni. Huyo fundi alipomaliza kuziba, alitokea wapi?

Timazi alikizunguka chumba kichwani. Upande mmoja ni ukumbi. Wa pili ni ukuta wa jirani, wa tatu ni jabali la ufukweni, na juu ni dari la mawe. Upande wa nne hauna mlango wala dirisha, naye aliujua kuliko yote, kwa sababu ndio huo wanaouegemea.

Waligeuka taratibu kuutazama. Redio alizimika. Hawakupatana kwa neno, lakini wote walisimama, wakaunyanyua ubao, wakausogeza mbali na ukuta. Shemeji aliinamisha birika kwenye chupa ya mgeni, yakatoka mashapo.

Timazi aliuliza nani atamshikia taa kesho. Wembe alikuwa na wateja. Redio alikumbuka kiuno chake.

Timazi akaenda zake peke yake, katikati ya barabara. Tangu utotoni alimwomba Mungu kwamba akibisha afunguliwe, akiita aitikiwe. Jioni hiyo midomo yake iliomba kinyume: kesho nikiugonga ukuta ule, ewe Mola wangu, nisiitikiwe.