Mashine Ikinyamaza

Benchi ni ubao mmoja wa saiprasi uliolazwa juu ya mawe ya kujengea, nje ya kibanda cha simu cha Kuria, hapo Langas, mahali lami inapokwisha na matope kuchukua kazi. Jumamosi saa tisa, wenye benchi huwa wamefika. Kuria, fundi wa simu, wanamwita Injinia, ingawa chuo alichosomea ni simu mbovu za watu. Mzee Muigai, anayeleta viazi kutoka Ainabkoi, ni Gazeti, maana hakuna habari inayompitia ikatoka na uzito uleule. Mama Selpha huuza kahawa ya tangawizi kutoka kwa themosi kubwa, na yeye hana jina la utani, kwa sababu ndiye anayeshika kikombe, na hakuna anayetaka kunyimwa. Na Simeon Mulongo, ambaye haoni, wanamwita Redio, kwa kuwa kompyuta yake huongea.

Huongea kweli. Simeon alipoteza macho kwa presha ya macho akiwa na miaka ishirini na saba. Tangu hapo, kila kinachoandikwa kwenye skrini husomwa na programu yenye sauti ya mwanaume asiyefurahi wala kukasirika, upesi kama mtu anayekimbia mvua. Watu wa benchi hawaelewi neno. Yeye huelewa yote. Kwa sauti hiyo huandika kumbukumbu za mikutano ya kampuni moja ya Nairobi, na kwa kazi hiyo hulipa nyumba na kusomesha binti yake.

Wiki hiyo kampuni ilikuwa imetuma barua pepe. Kompyuta zote zenye mfumo wa zamani, lile toleo la kumi, hazingeruhusiwa kuingia kazini kuanzia Jumatatu, kwa sababu toleo hilo halikuwa likipata kinga tena dhidi ya wezi wa mtandao. Ilibidi kila mtu ahamie la kumi na moja. Simeon alikuwa ameupakua mfumo mpya Alhamisi, kwa intaneti ya Kuria. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza mara moja tu, mashine izime na kujiwasha, ibadilike. Siku mbili aliibeba kwenye begi bila kubonyeza. Alipanga kufanya hivyo jioni hiyo, peke yake chumbani. Lakini kwanza alipita benchi, akitafuta mtu wa kumwambia asiogope.

Alikuwa amefika mahali pabaya.

Injinia ndiye aliyefungua kikao. Alisema toleo jipya linataka kidude fulani ndani ya mashine, kidogo kama punje ya mtama, na mashine isiyo nacho huumia. Simeon alimwambia yake ilikuwa imepimwa na ikaonekana inafaa. Injinia hakutaka kusikia habari za vipimo.

— Inafaa kwa karatasi, Redio. Lakini hiyo kitu ni nzito. Mashine imezeeka, unaibebesha mzigo wa kijana. Itapata moto mpaka ubongo uyeyuke.

— Ndio maana wahenga walisema, akadakia Gazeti, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maana yake kitu kikifanya kazi, usikiguse.

Mama Selpha alimwambia hiyo siyo maana yake. Gazeti akasema maana inategemea aliyeisikia wapi, kisha akaleta habari yake. Huko Ainabkoi kulikuwa na mwalimu aliyebadilisha mfumo wa kompyuta. Ilizima saa nzima. Ilipoamka, ilikuwa ikiongea lugha ambayo hakuna mtu kijijini aliyeijua, na kila kitufe alichobonyeza iliongea zaidi. Mwalimu aliifunga kwa blanketi, akaipeleka stoo, na mpaka leo watu wakipita nje ya stoo huharakisha.

Simeon alimjua Gazeti. Alijua ukitoa chumvi kwenye habari zake hubaki sufuria tupu. Lakini hofu haiulizi imeletwa na nani. Aliiona mashine yake ikiamka na sauti ngeni, ikimsomea maisha yake kwa maneno asiyoyajua, na yeye amekaa mbele yake kama mgeni asiyekaribishwa. Vidole vyake vilikaza kwenye kamba ya begi.

— Ngoja uone, Gazeti akaendelea, kuishi kwingi ni kuona mengi.

Neno “kuona” lilimfikia asiyeona. Mtu akakohoa. Simeon ndiye aliyecheka kwanza, ili wenzake wapate kupumua.

Injinia hakupenda kushindwa na stoo ya Ainabkoi. Alisogea karibu, harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya za simu ikaja naye, akasema lile toleo jipya halitaki tena nenosiri. Linamfungulia mwenye mashine kwa kumtazama machoni.

— Inakaa hapo ikikuangalia, msee. Ikikosa macho, inajifunga.

Jicho la kulia la Simeon lilitolewa zamani, hospitalini. La kushoto limefumba. Aligusa miwani yake nyeusi kana kwamba mtu alikuwa amejaribu kuivua.

— Na asiye na macho? aliuliza.

— Hiyo sijasikia, Injinia akasema kwa sauti ya chini. Mimi nimesikia tu hivyo.

Kutoka hapo mambo yakaharibika. Gazeti alisema mashine mpya husikiliza hata ikiwa imelala, na kwamba maneno ya benchi yote yangefika mahali fulani na majina ya waliosema. Aliyasema hayo akinong'ona. Simeon alihisi begi lake likiinuliwa taratibu kutoka kati yao na kuwekwa mwisho wa ubao. Akasikia pia viatu vya Mama Selpha vikirudi nyuma hatua moja, naye Mama Selpha ni mtu ambaye hukemea uongo kabla haujakamilika.

Kulikuwa na mteja wa Injinia aliyekuwa amekaa hapo tangu saa nane akisubiri kioo cha simu. Hakuwa amesema kitu. Sasa alijitambulisha kwa jina la Hulda, mwalimu wa chekechea kutoka Chepsaita, akaomba radhi kwa kuingilia, kisha akamwelekea Simeon.

— Ikizima ili ibadilike, hiyo sauti inazima pia?

— Inazima.

— Sasa utajuaje kama bado inafanya kazi ama imekufa?

Injinia alifungua mdomo, kisha akashika bisibisi. Gazeti, ambaye tangu kikao kianze alikuwa na jibu la kila kitu, alianza kukuna matope kwenye gambuti lake. Walikuwa wameongelea punje ya mtama, stoo, macho na majasusi, na hakuna hata mmoja aliyefikiria mtu akiwa amekaa chumbani mbele ya kitu kilichonyamaza.

Simeon alivuta pumzi. Kisha akawaambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye benchi hilo. Miaka minne nyuma mashine yake ilianza kujirekebisha yenyewe, ikanyamaza. Alingoja dakika kumi. Ishirini. Akaweka sikio juu yake kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mwishowe akaamini imekwama, akashikilia kitufe cha kuzima mpaka ikazima.

— Haikuwa imekwama, alisema. Ilikuwa katikati ya kazi. Mimi ndiye niliyeiua.

Ilichukua wiki tatu kuifufua. Wiki tatu bila sauti, bila barua, bila kujua ni nani aliyemwandikia nini. Kazi aliyokuwa nayo wakati huo ikapewa mwingine. Usiku na mchana vilifanana zaidi ya siku zote tangu macho yapotee. Hakuwa anaogopa mfumo mpya, aliwaambia. Alikuwa anaogopa kidole chake mwenyewe.

Mama Selpha alitikisa themosi. Ilikuwa tupu. Aliifunga kifuniko, akapangusa ubao kwa leso yake.

— Weka hapa, baba Naliaka, akasema. Mimi nasoma namba vizuri.

Naliaka lilikuwa jina la binti wa Simeon, na hakuna aliyemwita hivyo hapo kabla. Simeon alitoa mashine. Injinia akavuta waya wa stima kutoka kibandani bila kutoa hotuba. Simeon aliweka kidole mahali pake, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akabonyeza. Sauti ilisema neno moja na kukatika katikati ya la pili.

Alijua ukimya huo. Ulikuwa na ukubwa uleule wa miaka minne nyuma.

— Asilimia nne, akasema Mama Selpha.

Mvua ikaanza, na kila mtu akafikiria stima ikikatika, bila kuitaja. Wakasogeza ubao chini ya bati. Hulda alipewa simu yake, lakini hakuondoka mara moja. Kumi na tisa. Thelathini na tatu. Mama Selpha alisoma kila namba polepole, na zilipochelewa alisema zimechelewa. Ilipofika sitini na moja ilikaa. Ikakaa tena. Hulda aliaga kwa sauti ya chini, asije akakosa gari, na hatua zake zikapotelea mvuani. Bado sitini na moja.

Kisha Mama Selpha akanyamaza.

— Nini? Simeon akauliza.

— Imekuwa nyeusi.

— Kuna taa yoyote?

— Sioni taa.

Feni ya mashine nayo ilikuwa imekoma. Mkono wa Simeon ulikuwa umeondoka wenyewe. Kidole gumba kilishafika kwenye kitufe cha kuzima, kikakitambua, kikaanza kukilalia.

Mkono mwingine ukamshika. Ulikuwa mkavu na mkubwa, wenye udongo wa viazi kwenye mikunjo.

— Ngoja, akasema Mzee Muigai.

— Imekufa, Mzee.

— Pengine. Ngoja tu.

Hakuongeza methali. Alimshika hivyo, bila kulegeza. Bati liligongwa na mvua. Mtu alipita na mkokoteni. Hapo, chini ya mvua, kitu chembamba kikaanza kuvuma.

— Kuna taa, Mama Selpha akasema. Sitini na mbili.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa. Walisimama wakizunguka ubao mpaka namba zikaisha. Mama Selpha alisema kuna picha ya maji ya samawati, na jina lake limeandikwa, S, I, M, yote ipo. Simeon aliinamisha kichwa. Hakusikia kitu. Jina lipo, maji yapo, na sauti haipo.

Sauti ikaja. Ileile, isiyofurahi wala kukasirika, upesi kama mtu anayekimbia mvua, ikimwambia aandike nenosiri lake.

Mzee Muigai alianza kusema jambo. Simeon akainua kiganja, na benchi zima likatulia. Alibonyeza kitufe kimoja ili iseme tena.