Daraja Lisilo na Mwenyewe

Mimi kinyozi sipendi kelele kabla ya kahawa, lakini kijiweni kwetu, mbele ya stesheni ya zamani ya Guásimo, kelele ndizo hutangulia. Reli iling'olewa zamani. Siku hizi ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, lami safi kabisa, mpaka La Herradura, mji wa jirani ng'ambo ya mto. Yaani ingefika La Herradura. Halmashauri yetu ilijenga ikaishia ukingo wa huku, wenzao wakajenga wakaishia ukingo wa kule, kila mmoja akakata utepe wake na kupigiwa bendi yake, na daraja la chuma la katikati likaachwa na mapengo ya mbao zilizopungua. Miezi minne tulikuwa tunalijadili, tumekalia benchi letu la mbao nene za reli. Tulikuwa watatu: mimi, Breki ambaye ni fundi baiskeli, na don Evelio tunayemwita Filimbi, kwa sababu miaka thelathini aliruhusu treni kwa filimbi hapo hapo. Wa nne ni doña Fanory, anayetuuzia kahawa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Asubuhi moja alikuja na bandeji kwenye kiwiko, na badala ya themosi mbili, moja.

— Jirani, mkono umefanyaje? Breki akauliza.

— Lori la miwa, doña Fanory akajibu huku akimimina. Lile la matela matano. Halikunigusa, upepo wake tu umenirusha mtaroni, mimi na baiskeli na themosi. Wateja wangu nusu wako soko la Herradura, na kwa kuwa daraja halipitiki, njia yangu ni barabara kuu. Sasa wanangu wamesema basi. Jumapili wanaichukua baiskeli, wanaiuza.

— Ikiuzwa sisi tutakunywa nini? Filimbi akashtuka.

— Sema pole kwanza, wewe mzee! nikamkatiza.

— Pole, mwanangu, pole sana. Lakini tutakunywa nini?

Doña Fanory hakucheka. Alimaliza kumimina, akakaa kwenye kiti cha baiskeli, akautazama mkono wake.

— Tatizo ni meya wetu, Breki akaanza. Hataki tuvuke tukale pandebono za kule, ile mikate ya jibini. Za kule ni laini. Za huku ukimpiga nazo mbwa, anakufa.

— Acha fiksi, Filimbi akasema. Daraja ni mali ya shirika la reli, na shirika lilikufa. Ukiligusa, warithi wanakushtaki.

— Warithi wa shirika? Toka lini shirika likazaa?

— Wapo! Wako Bogotá, wamevaa suti, wanasubiri treni irudi.

— Ipite wapi, juu ya lami?

— Kuna treni za matairi, Breki. Nimesikia redioni.

Na mimi, kwa kuwa sikutaka kupitwa, nikatupa yangu.

— Nyie hamjui kitu. Zile mbao za daraja ndizo walizojengea majukwaa ya kukatia tepe. Wameng'oa njia ili wapate pa kusimama kuizindua.

— Eeh! Hapo umetisha, Breki akasema. Lakini kuna kubwa zaidi. Chuma kikipata jua kinarefuka. Wahandisi walipima asubuhi wakapata mita thelathini, mchana wakapata arobaini. Wakaogopa. Wakasema hili daraja linakua, tuliache likomae kwanza.

Tukacheka mpaka Filimbi akapaliwa. Tukiwa tunampiga mgongo, mwanamke mmoja akatokea upande wa mtoni, anasukuma baiskeli, suruali imelowa mpaka mapajani.

— Habari za asubuhi, majirani. Kahawa ipo?

— Ya mwisho hii, doña Fanory akampa. Umepitia wapi, mwanangu?

— Mtoni, baiskeli begani. Naitwa Marleny, natoka Herradura, nimepata kazi hapa kwenu kwenye kiwanda cha nguo. Maji ya leo nimeyaweza. Mvua zikianza sitaweza.

Alikunywa amesimama, anatusikiliza tukirudia ya warithi na ya chuma kinachokua. Alipomaliza akarudisha kikombe.

— Samahani. Mbao zilizopungua darajani ni ngapi?

— Nyingi, Breki akasema.

— Ngapi?

— Nyingi sana, Filimbi akamsaidia.

— Lakini mmezihesabu?

Breki akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Filimbi. Filimbi akatazama ndani ya kikombe chake. Doña Fanory akaigeuza themosi juu chini, halikudondoka hata tone.

— Imekwisha, akasema. Haya, inukeni.

Ni mwendo wa dakika kumi tu. Tulipofika, doña Fanory akahesabu mapengo kwa sauti, kidole mbele. Akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo.

— Kumi na moja. Miezi minne, wanaume watatu, mbao kumi na moja.

Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Nilitamani mto unimeze.

— Benchi letu lina sita, Filimbi akasema taratibu. Ni mbao hizi hizi, unene huu huu. Mimi mwenyewe nilizipigilia.

— Meza yangu ya ufundi ina mbili, Breki akasema. Nitafanyia kazi chini.

— Tatu niachieni mimi, Marleny akasema. Kule kwetu pia kuna wanaume kama ninyi, na wamekalia benchi.

— Na warithi wa Bogotá? nikauliza.

— Waje, Filimbi akasema. Watanikuta na nyundo mkononi.

Jumamosi tukafanya convite, kama wazazi wetu walivyofanya barabara ikiharibika: kila nyumba mtu mmoja, kila mtu chombo chake, na sancocho chunguni, kuku na ndizi na mihogo. Hakukuwa na meya wala utepe. Wa kule walianzia kwao, sisi kwetu, na ubao wa mwisho tukaupigilia pamoja, tukigombana jinsi ya kuushika. Filimbi akapuliza filimbi yake mara moja, na doña Fanory akapita wa kwanza, bandeji mkononi, vikombe vinagongana. Alikuwa analia na hakujificha.

Jumapili wanawe walikuja kuichukua baiskeli. Hawakuikuta. Ilikuwa soko la Herradura, pamoja na mwenyewe.

Jumatatu tulisimama mbele ya stesheni kama watu waliofiwa. Pale penye benchi palikuwa na mashimo manne ya miguu yake. Doña Fanory akafika, hakushuka.

— Jirani, miguu inauma, Breki akalalamika. Hatuna pa kukaa.

— Benchi lenu liko kule, akasema, akionyesha mtoni kwa kidevu, akaanza kukanyaga pedali.

Tukamfuata.