Mti Nilioupanda Kando ya Kipimamvua

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Idara yetu ya Maji na Tabianchi, ndugu wahadhiri wenzangu, wageni waalikwa, wanafunzi mliojaa mpaka kwenye ngazi, na wewe mume wangu uliyekaa mstari wa tatu ukitazama saa: habari za mchana.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Kumpa dakika kumi mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja ni kumtania, lakini nitajitahidi.

Nimefurahi leo, siku yangu ya kustaafu, na sioni haya kusema hivyo. Nimefundisha safari ya maji kutoka winguni mpaka bombani. Nimetoa wahandisi wa mabwawa, watabiri wa mafuriko, na mmoja aliyeniambia juzi kwamba anauza matangi ya plastiki na anapata kunizidi. Wote ni wangu. Na kila siku, iwe Jumapili, iwe sikukuu, saa tatu kamili asubuhi nimekwenda nyuma ya maabara kusoma kipimamvua. Siku niliyojifungua binti yangu, nilimtuma mume wangu akasome. Alisoma vibaya, lakini alikwenda.

Wengi wenu mnajua habari ya mti. Kwa wasioijua, ni hivi. Mwaka wangu wa pili kazini niliwaonea huruma wanafunzi waliokuwa wakiungua na jua wakati wa mafunzo ya vitendo, nikapanda mche karibu na kipimamvua. Mche ukawa mti. Na kila muhula wa kwanza nikawa nafundisha kanuni ya msingi, kwamba kipimamvua kikae mbali na kizuizi chochote, angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Mnajua nilikuwa nimesimama wapi nikiifundisha? Chini ya mti huo huo. Kivuli chake kilikuwa kizuri sana.

Hesabu zangu zikaonyesha mvua inapungua mwaka hadi mwaka. Nikaandika makala, nikaalikwa mikutanoni, nikawa mtu wa kupigiwa simu na waandishi wa habari kila ukame ukibisha hodi. Ndipo akaja mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mpole, si msemaji, futikamba shingoni utadhani fundi cherehani.

"Mwalimu, samahani. Nimeupima ule mti."

"Umeupima wa nini?"

"Mvua haijapungua, Mwalimu. Inadakwa na matawi."

Nikamwambia akapime tena. Hakubishana. Aliweka kipimamvua cha pili mahali peupe, akavisoma vyote viwili mwaka mzima, akapitia na madaftari yangu yote, akarudi na jibu lile lile pamoja na jingine zito zaidi: jumla ya mvua ni ile ile, ila siku za kunyesha zimepungua karibu theluthi. Maji yaliyokuwa yakija taratibu kwa siku tisini sasa yanakuja kwa siku sitini, kwa kishindo, yanabomoa kingo za mito na kuviacha visima vikavu. Hiyo ndiyo kazi iliyoipa idara hii jina. Mwanafunzi huyo ndiye Mkuu wa Idara yetu, ambaye ninyi mnamwita Futi mkidhani hajui.

Hapa ndipo huwa naishia, watu wakacheka, tukaenda kula. Leo sitaishia hapa.

Ndugu Mkuu wa Idara, mwanangu, mwaka ule ulikosa mahafali. Nilikuambia mtahini wa nje amechelewesha ripoti ya tasnifu yako. Hakuchelewesha. Ripoti ilinifikia siku ya tisa tangu tumpelekee tasnifu, imejaa sifa tupu, nami nikaifungia kwenye droo miezi minne. Sikuwa na shughuli yoyote. Niliona aibu, na aibu yangu nikakutwisha wewe. Mahafali yakapita, ukaenda kazini kwenye kituo cha mtoni, cheti kikakufuata kwa posta. Na tangu hapo umekuwa ukinisifu mbele za watu, kwamba nilikupigania kwa mtahini yule. Kila uliponisifu, mimi nilijifanya nakunywa maji.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama yako, huyu aliyekaa hapa mbele, nikamweleza yote. Alinimiminia chai, kisha akasema, "Nguo nilikuwa nimeshashona, Mwalimu. Nikaja kuivaa kwenye harusi ya jirani, wala haikuninogea." Nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi nimeshakusamehe, chai si unakunywa? Lakini mwenye haki yake ni yeye. Na umwambie mbele za watu, maana mbele za watu ndipo alipokosekana."

Basi nasema. Nilikukosea, mwanangu, nawe hukunikosea lolote. Naomba unisamehe. Usinijibu sasa hivi. Nakujua, utasema si kitu, na kumbe kilikuwa kitu.

Mtauliza, mwalimu gani huyu anayechafua sherehe yake mwenyewe? Ni yule yule aliyewafundisha kwamba kipimo kilichokosewa hakifutwi kimyakimya, bali kinasahihishwa, na aliyekosea anatia saini pembeni. Ningestaafuje huku nina kosa ambalo sijalitia saini?

Nawashukuru wahadhiri wenzangu, wanafunzi wangu, na mume wangu aliyeishi na mke mwenye miadi na mvua.

Mheshimiwa Makamu Mkuu, ratiba inasema maandamano ya kutoka ukumbini nitayaongoza mimi. Naomba ruhusa yako nibadilishe. Naona unaitikia kwa kichwa, nakushukuru sana. Mama, simama, mshike mwanao mkono, mtangulie hapa katikati, polepole, kama ilivyokuwa iwe mwaka ule. Sisi wengine tutafuata nyuma. Na yale makofi mliyoniwekea mimi, wapigieni hao wawili. Asanteni kwa masikio yenu.