Mtoto Aliyezaliwa na Uso wa Babu

Asifiwe Bwana aliyenitoa mahameni nikiwa bado napumua. Nawasalimu ndugu zangu mnaosali hapa Katandala, na ninyi wa vijijini mtakaosomewa karatasi hii. Naandika kwa herufi nilizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, basi mnivumilie. Majina nitayataja. Kunyamaza nimenyamaza vya kutosha.

Kwetu ni upande wa Matai. Ilipokuja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, paa za nyumba zetu ziliezuliwa, tukapelekwa kando ya barabara. Makaburi yakabaki kule tulikohama, mahameni. Baba mkwe wangu alibaki kule, amezikwa nyuma ya nyumba yake, na ukoo mzima ulikuwa na hofu kwamba siku moja atauliza kwa nini tumemwacha.

Mume wangu Leonsi alikuwa utingo wa lori la mahindi, akienda Laela na Tunduma. Mimi nililima. Mimba yangu ya kwanza mtoto aliacha kucheza tumboni. Alipotoka alikuwa kimya, na ngozi yake ilibaki mikononi mwa wakunga kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Wanawake walimzika penye unyevunyevu kandokando ya shamba. Mnayajua matuta yetu ya mviringo, yale tunayofukia nyasi zioze. Ukungu wa asubuhi ukiyafunika, nilikuwa naona makaburi ya watoto, shamba zima mpaka bondeni.

Wa pili alizaliwa hai. Lakini ndugu zangu, alizaliwa mzee. Paji la uso lina mikunjo, midomo imepasuka pembeni, viganja na nyayo vinabambuka. Pua imeziba, inatoa maji yenye damu, na akilia sauti inakwaruza kama ya mtu aliyevuta tumbaku miaka mingi.

Wifi yangu Agripina, dada yake Leonsi, alimfunua nguo akamtazama, kisha akapiga magoti.

"Shikamoo, baba," akasema.

Alimwamkia mtoto mchanga! Na mtoto akakoroma kwa pua, kama anaitika.

"Ni baba mwenyewe," Agripina akawaambia watu. "Tumemwacha kule peke yake, sasa amekuja kudai."

Wakamwita Mzee Kalunde, mganga. Akasema mtoto apelekwe mahameni alfajiri, alazwe kizingitini pa nyumba ya babu yake, na mama akae amempa mgongo mpaka babu mwenyewe aridhike. Leonsi alikuwepo akisikiliza. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mzee."

Tukaenda, Leonsi akitangulia. Upepo wa Ufipa mnaujua, lakini asubuhi ile hata jani halikutikisika. Ukungu ulikuwa mzito, kuta bila paa zimesimama kama watu wanaosubiri kuitwa. Nikamlaza mtoto, nikageuka. Nyuma yangu nikasikia anakoroma kwa shida. Halafu ndani ya ile nyumba tupu kitu kikakoroma, taratibu, kama kinamjibu. Akakoroma tena. Kikajibu tena. Inawezekana ni kuta zilizorudisha sauti. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba nilivunja amri ya Kalunde, nikageuka, nikamnyakua mwanangu nikamfunga mgongoni. Njiani kukoroma kulikoma. Nilitembea naye nikijua, nikiogopa kumfungua.

Kuanzia hapo uchawi ukawa wangu. Kisimani wanawake walinipisha, si kwa heshima. Agripina hakunificha: "Wifi, wa kwanza umemla tumboni. Wa pili umemrudisha kwa wenyewe. Ukibeba wa tatu naye akafa, utoke kijijini kwa miguu yako kabla hujatolewa."

Nikabeba wa tatu. Usiku nililia kwa Mungu, sina maneno, nasema tu, huyu usimchukue.

Katika kijiji kipya walikuwa wamejenga zahanati. Muuguzi alikuwa mama wa Mbeya, Sista Odilia, mwenye maneno makali. Nikaenda nimejifunika. Akaniuliza nimezaa mara ngapi, nikamjibu mara mbili, wote wamekufa. Akaweka kalamu chini.

"Huyo wa pili," akasema, "viganja vilibambuka? Pua ilikuwa inakoroma?"

Nikainuka niondoke. Nilidhani naye ni mganga.

"Nani amekuambia?"

"Kaa chini, dada. Ugonjwa ndio unaniambia. Si wewe wa kwanza kukalia benchi hilo."

Akanitoa damu mkononi, ikapelekwa hospitali mjini kupimwa. Majibu yaliporudi aliniita ndani, akafunga mlango. "Una kaswende," akasema. Nikabisha. Sijaona kidonda, siumwi popote, nalima kutwa nzima.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Kidonda chake hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani asikione. Kinapona chenyewe, wewe unafikiri yameisha, kumbe umeingia kwenye damu. Utakaa miaka unacheka na watu, na ugonjwa umekaa humo. Ukibeba mimba, unampata mtoto tumboni. Hakuna babu hapo. Hakuna mchawi. Nitakuchoma sindano, na mumeo naye aje. Asipotibiwa atakurudishia. Mpaka nitakaposema mmepona wote wawili, msikutane."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo. Leonsi alikuwa anakula. Nikamwambia yote, nikamwambia anatakiwa zahanati. Akaendelea kumega ugali.

"Mimi nilishachomwa," akasema.

"Ulichomwa wapi?"

"Laela. Kuna jamaa anachoma watu nyumbani kwake. Zamani."

"Zamani lini?"

"Kabla ya yule wa kwanza."

Ndugu zangu! Alijua! Alipata kidonda huko kwenye safari zake, akajitibu kwa siri, mimi akaniacha nacho. Mahameni alinipeleka akijua. Naitwa mchawi kisimani, anasikia, anakula ugali wangu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje mbele ya dada?"

Hilo ndilo jibu lake lote. Nikachukua mkeka wangu siku hiyohiyo nikahamia kwa mama mmoja mjane wa kanisani. Nikamwambia Leonsi, hutanigusa mpaka Sista Odilia aniambie mwenyewe kwamba umetibiwa. Yule aliyekuwa tumboni sikuwa na kingine cha kumlinda nacho. Nikaenda kuchomwa sindano zangu zote. Leonsi alikuja zahanati baadaye, amejifunika koti kichwani, na Odilia akamwambia mbele yangu kwamba sindano ya zamani hailindi mtu na ugonjwa wa leo.

Binti yangu alizaliwa kule zahanati akilia sauti nyembamba, safi, ya mtoto. Odilia akampima, akaendelea kumwangalia miezi iliyofuata. Agripina alikuja, akamkunjua viganja, akavitazama sana. Akamfunika, akaondoka. Hajaniomba radhi mpaka leo.

Bwana aliniokoa. Alitumia sindano na mama mkali wa Mbeya, nami namshukuru kwa vyote viwili. Mnaniuliza kama nimemsamehe Leonsi. Bado naomba. Yupo nasi, kiti cha nyuma karibu na mlango.

Sasa sikieni. Mwenye mimba asingoje tumbo likue, aende akapimwe damu. Mwanamume aliyepata kidonda asijifiche kwa wachoma sindano wa mitaani, aende zahanati na amwambie wazi mkewe. Ukae na mmoja wako, naye akae nawe. Anayeshindwa hilo, Odilia anasema kuna mipira ya kujikinga hospitali, aulize, asije akamzika mtoto kwa aibu yake.

Mtegemeeni Mungu, wala msiogope benchi lile. Jumatatu kliniki inafunguliwa. Nitakuwa pale mapema, na binti yangu pembeni. Anayeona haya kukaa peke yake aje akae kati yetu.