Digrii ya Pili ya Mtoto wa Igowole

Asubuhi moja ya baridi, mwaka 1957, Mzee Jailos alikaa kwenye benchi la kahawa pale Mlandege, mjini, mkononi barua ya mwanawe Liberatus. Alikuwa ametoka Igowole kutafuta wa kumsomea na kumjibia. Kijana amemaliza Makerere, na baba alidhani anarudi. Kumbe anaomba ruhusa ya baba aende Uingereza miaka miwili, akachukue digrii ya pili. Jibu lilipaswa kuondoka na basi la saa nne. Kijiwe kile hakijawahi kushindwa na swali, hata lisilokihusu.

— Anakimbia kodi, alisema Makame, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Mwanafunzi hatozwi kodi ya kichwa!

— Kodi gani! Anakimbia kuoa, alisema Othmani, fundi cherehani aliyeitwa Wakili kwa kuhudhuria kesi zisizo zake. Msomi asiporudi, ujue kwao ameshachumbiwa mke.

— Hajachumbiwa, bwana, Jailos alinung'unika.

— Basi Wazungu wanamchelewesha, akadakia Redio. Akirudi leo atataka kiti cha Bwana Shauri, Mzungu wao wa wilaya. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

— Jembe linaingiaje hapo? aliuliza Wakili.

— Digrii ya kwanza siku ya kwanza, ya pili siku ya pili. Ya tatu, anarudishwa Igowole kulima!

Benchi zima lilicheka, isipokuwa Jailos. Tangu mkewe afariki, nyumbani alikuwa akisikia sauti yake mwenyewe tu, na kwa umri wake miaka miwili si mchezo.

— Wakili, shika kalamu. Andika: rudi.

Hapo akafika Mwanakhamisi, muuza vitumbua, akatua beseni lake.

— Shikamooni. Nimewasikia toka kule. Huyo kijana anakwenda kusomea nini?

Redio alimtazama Wakili, Wakili akaipekua barua mbele na nyuma. Kisha wote wakamgeukia baba.

Miaka yote Jailos alimuuliza mwanawe kama anashiba, kama blanketi linatosha, kama amepata watu wa kusali nao. Hilo hakuwahi kumuuliza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Futa, alisema. Muulize anasoma nini.

— Mzee, alisema Wakili, jibu litachukua mwezi, na kijana anataka neno sasa hivi.

Jailos akavuta pumzi.

— Basi andika aende. Halafu anieleze anachosoma, polepole, kama anamweleza mtu asiyejua kitu.

Wakili akainama kuandika, na hakuongeza neno lake hata moja.