Njia ya Tutani Inamuaga Ngin Savoeun

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Hifadhi ya Ziwa Khyang, Bi. Ngin Savoeun anastaafu tarehe 30 Aprili, mara tu baada ya sikukuu za Mwaka Mpya wetu wa Khmer. Wageni wanamjua kama mama wa kofia ya majani anayefagia njia ya viti vya magurudumu alfajiri. Sisi tunamwita Shangazi, hata wale aliowapita umri kidogo tu.

Aliajiriwa mwaka 1993, kazi yake ikiwa kuhesabu ndege aina ya korongo. Lakini ziwa alilifahamu zamani. Akiwa na miaka kumi na mitatu, enzi za utawala wa Khmer Rouge uliowafanyisha watu kazi kwa nguvu, aliletwa hapa pamoja na maelfu ya wengine kubeba udongo kwa vikapu. Tuta linalozuia maji haya ni kazi ya mikono yao. Dada yake, Savorn, alianguka na mzigo begani, akafukiwa humo humo tutani, na kazi ikaendelea. Shangazi hakuambiwa ni sehemu gani.

Njia yetu ilianza na msiba mwingine. Thol Bunrith, askari wa hifadhi aliyekuwa akipiga doria na Shangazi, alikanyaga bomu lililotegwa ardhini kwenye ukingo wa kaskazini. Alipoteza miguu yote miwili. Aliporudi kazini, katika kiti cha magurudumu, alitaka kuwaona korongo. Wenzake wanne wakamnyanyua juu juu, kiti na yeye.

"Nishusheni!" akafoka. "Mnanibeba kama gunia la mchele. Nataka niende mwenyewe."

"Utaenda," Shangazi akamjibu. "Nipe muda tu."

Muda huo ukawa miaka. Kwanza wategua mabomu walisafisha ukingo mzima, kisha Shangazi akapata kibali na mafundi. Kila kipande kilipokamilika, alikaa kitini na bakuli la supu mapajani, akasukumwa. Supu ikimwagika, changarawe inachimbuliwa na kushindiliwa upya.

"Shangazi, hii ni njia au meza ya kulia?" fundi mmoja alilalamika.

"Wewe una miguu, utajuaje? Chimbua."

Akasisitiza pia njia iwe pana, viti viwili viende sambamba, maana alisema mtu hafiki ziwani kutazama mgongo wa mwenzake.

Zikiwa zimebaki wiki chache ifunguliwe, greda lilikwangua tuta upande wa mashariki, mifupa ikatokea. Mkandarasi alitaka kuendelea, wakubwa walishaalikwa. Shangazi akaenda akasimama mbele ya greda.

"Mama, ondoka, tuna ratiba," dereva akamwambia.

"Zima mashine, mwanangu. Hapa kuna watu."

Dereva akazima, akashuka, akavua kofia.

Kusimama kwa kazi kulikuwa na gharama, na Shangazi aliijua. Bunrith alikuwa amelazwa, vidonda vya mgongoni vimeoza hadi sumu kuingia damuni. Jioni hiyo alikwenda kumweleza mwenyewe.

"Imebidi tusimame, Bunrith. Lazima njia izunguke, na kuzunguka ni kuanza upya."

"Wako wangapi?"

"Hatujui."

"Basi izungushe. Sitaki kupita juu ya kichwa cha mtu."

Watawa walikuja wakaiombea mifupa, ikahifadhiwa katika kibanda cheupe ambacho njia inakizunguka kwa mteremko wa polepole. Huenda Savorn yumo, huenda hayumo. Bunrith alifariki kabla mvua hazijaisha. Njia ilifunguliwa bila yeye, na leo kiti chake ndicho tunachowaazima wageni langoni.

Wiki iliyopita, kwenye chai ya kumuaga, tulimuuliza Shangazi ni kitu gani cha ziwani atakachokikumbuka zaidi. Tulidhani atataja korongo, au yungiyungi za asubuhi.

"Hakuna," akasema. "Sijawahi kulipenda ziwa hili. Hata samaki wake sijaonja."

Mtu mmoja akauliza, "Sasa Shangazi, miaka yote hii ulikaa kwa nini?"

"Watu wangekuja kutembea hapa, hata nisingekuwepo wangekuja vilevile. Nilitaka wajue wanapita wapi." Kisha akaomba aongezewe chai.

Anahamia Mondulkiri, mkoa wa vilima, kwa binti yake anayelima pilipili manga.

Shangazi, tunakushukuru kwa njia, na kwa ukali wako wote. Hatutakuomba urudi kututembelea. Sisi ndio tutapanda huko kukuona. Uishi vyema, ulale vizuri, na kila asubuhi ufungue dirisha uone vilima tu, pasiwe na maji popote.