Wopke Meinsma na Ghala la Nguzo Nane

Ndugu na majirani mliokuja kutufariji, mimi Jeltje, kwa niaba ya familia, nawasomea maisha ya baba yetu, Wopke Meinsma, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba letu karibu na Bolsward, Friesland, chini ya paa la ghala lililofunika nyasi, ng'ombe na watu tangu mwaka 1768.

Alisoma shule ya kijijini, kisha akajifunza useremala mjini Sneek hadi 1958, akarudi kwa kuwa babu yetu, baba yake, aliugua, na tangu hapo alikamua ng'ombe na kulitunza ghala. Lilibebwa na nguzo nane za msonobari, zilizounganishwa na boriti kwa vigingi vya mti, uzito wote wa paa la matete ukiwa juu yake, wala si juu ya kuta, na chini ya nguzo kulikuwa na magogo yaliyozikwa katika udongo uliojaa maji, maana gogo lisilotoka majini haliozi.

Tarehe 14 Mei 1966 alimwoa mama yetu, Aukje, wakajaliwa mimi mwaka 1968, na Sietse mwaka 1971.

Mwaka 1986 maji ya mifereji yalishushwa ili udongo ukauke na matrekta makubwa yasizame mashambani, magogo yakapata hewa, yakaanza kuoza, na ghala likaanza kuinama upande wa kaskazini. Baba alichimba chini ya kila nguzo, akainua kwa jeki, akabadilisha kilichooza, na alipomaliza ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imezama tena. Mwaka 1998, ng'ombe wakiwa wameshauzwa, Sietse alimwuliza, "Baba, tunamjengea nani hili?" Baba akamjibu, "Shika upande huo, tumalize." Walimaliza, na mwaka uliofuata Sietse akahamia Kanada.

Mama alifariki tarehe 3 Oktoba 2009, Baba akabaki peke yake na kazi ile, hadi mapafu yake, yaliyoharibiwa na vumbi la nyasi zenye ukungu, yalipomlaza hospitalini Januari 2022.

Tarehe 18 Februari dhoruba ililiangusha ghala lote. Nilipomwambia, aliuliza tu, "Limeanzia upande gani?" Nikamwambia, "Kaskazini, Baba." Akasema, "Basi sikulipatia dawa," akageukia ukutani, na tangu siku hiyo alikataa chakula. Alifariki tarehe 2 Machi 2022.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa Sneek, na jirani yetu Durk, aliyeondoa boriti zilizoangukia barabarani kwa trekta lake. Babu na baba yake babu walilazwa ghalani, kati ya nguzo, watu wakaja kuwaaga humo. Baba tumemlaza katika ukumbi huu wa kukodi, kwa kuwa hatuna pengine pa kumweka.

Pumzika, Baba, kwa amani, umechoka.